Ufunguo wa Kinanda Uko kwa Nani?

Katika parokia nyingi tunazozifahamu, kinanda ni kimoja na mpiga kinanda ni mmoja. Siku akipata msiba kijijini au akihamishwa kikazi, kwaya nzima inayumba. Mwalimu wa kwaya anatoa sauti kwa mdomo, soprano wanaanzia juu mno, na ikifika wimbo wa matoleo besi wameshanyamaza. Baada ya Misa kila mmoja anasema, "Tutafute mpiga kinanda mwingine." Hakuna anayesema atatoka wapi. Sisi tunasema atatoka kwenye mabenchi yale yale, miongoni mwa watu wa miaka thelathini, arobaini na hata sitini ambao wametamani kujifunza tangu zamani na hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba inawezekana.

Sisi ni tisa. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika ukumbi wa parokia, saa moja kabla ya mazoezi ya kwaya. Kati yetu wamo mafrateri wawili, fundi cherehani, muuguzi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama anayeuza chakula karibu na stendi, kijana wa bodaboda na wanakwaya wengine wawili. Hakuna hata mmoja aliyegusa kinanda kabla ya kutimiza miaka ishirini. Kinanda chenyewe ni kile cha umeme ambacho wengi mnakijua, cha vibonyezo 61, ambacho kwaya ilikinunua kwa michango. Tumekuwa tukifanya hivi kwa mwaka mmoja na nusu, na tumefanya maonyesho madogo mawili. Hatuandiki kwa kuwa tumekuwa mafundi. Tunaandika kwa sababu tunaona parokia na nyumba zetu za malezi zinamsubiri mpiga kinanda kama mvua, wakati mbegu ziko ghalani.

Mtu akitaka kujifunza kinanda, wote tunafikiria vitu viwili: kinanda na mwalimu. Ni kweli vyote viwili vinahitajika. Lakini kwa jinsi tulivyoona, mtu mzima haachi kwa kukosa kinanda, wala haachi kwa kukosa mwalimu. Anaacha kwa sababu hakuna anayejua kama wiki hii amefanya mazoezi au hakufanya. Mtoto ana mama wa kumuuliza. Mtu mzima ana watoto wa kuwauliza wao, ana kazi, ana mikopo ya kikundi, ana wagonjwa. Akiacha kinanda, hakuna anayegundua, na yeye mwenyewe anagundua baada ya miezi minne, anapopita karibu na kinanda na kuona aibu kukitazama.

Ndiyo maana kikao chetu kinaanza na hesabu ya wiki kabla mtu yeyote hajagusa kinanda. Tunazunguka, na kila mmoja anasema mambo matatu: amefanya mazoezi siku ngapi, amefanyia nini, na amekwama wapi. Hotuba hazitakiwi. Visingizio vinaruhusiwa, mradi viwe vifupi.

Wiki moja mama wa stendi alitoa hesabu yake hivi: "Siku nne, dakika kumi na tano kumi na tano, baada ya kuosha masufuria. Mkono wa kulia unajua njia. Wa kushoto umegoma kama punda." Fundi cherehani akamwambia, "Mama, wa kwangu uligoma miezi mitatu. Upeleke peke yake, polepole, ule wa kulia uuweke mapajani." Tulicheka, lakini yeye alifanya hivyo hivyo. Wiki ya tatu alisema mkono wa kushoto umeanza kutembea, ila ukiunganishwa na wa kulia yote miwili inasahau. Muuguzi akamwambia aiunganishe kwa mapigo manne tu, asiendelee la tano mpaka manne yale yawe safi. Hakuna kati yao aliyesomea muziki. Kila mmoja alikuwa akimpa mwenzake kitu alichokipata wiki chache zilizopita, kingali cha moto. Mwalimu hodari aliyejifunza akiwa na miaka saba hakumbuki tena mkono wake wa kushoto ulikuwaje ulipokuwa umegoma.

Mwalimu mstaafu hana kinanda nyumbani. Alichukua ubao, akachora vibonyezo vyeupe na vyeusi kwa ukubwa wa kweli. Alipima kwa rula kwenye kinanda cha kwaya: oktavu moja ni sentimita 16 na nusu hivi. Akachora oktavu tatu. Jioni anauweka ubao mezani, anapitisha vidole huku akiimba solfa kwa sauti ya chini. Wajukuu walidhani babu ameanza kuugua. Jumamosi anapofika, vidole vinajua pa kwenda, masikio tu ndiyo yanangoja uthibitisho. Hatusemi ubao unatosha, kwa sababu ubao haukuambii umebonyeza kwa nguvu au kwa ulaini, na hautakusahihisha ukikosea. Lakini kati ya sisi tisa, aliyetoa hesabu ya siku sita kwa wiki mara nyingi zaidi ni yeye mwenye ubao, na wa pili ni muuguzi, ambaye ana kinanda kidogo na anapiga kwa visikilizi usiku asiwaamshe wapangaji wenzake.

Kijana wa bodaboda alisema "sifuri" Jumamosi tatu mfululizo. Hakuna aliyemkemea. Wiki ya nne alisema, "Siku mbili," na ukumbi ukapiga makofi kana kwamba amepata upadrisho. Tunaamini kama yangekuwa masomo ya kulipia, angekuwa ameacha wiki ile ya pili ya sifuri. Kilichomrudisha ni kwamba alijua viti ni tisa na kimoja kikibaki kitupu kitaonekana.

Hapa ndipo tunapokutana na methali ambayo tumeambiwa mara nyingi kuliko idadi ya vibonyezo vya kinanda: samaki mkunje angali mbichi. Wanaotuambia hivyo wanatutakia mema, na katika jambo moja wana haki. Vidole vya mtoto hujifunza wepesi haraka kuliko vyetu, na hatudanganyani kwamba tutapiga kama aliyeanza akiwa na miaka sita. Ila methali hii inasahau kwamba mtu mzima haji mikono mitupu. Mwalimu wetu mstaafu ameimba besi zaidi ya miaka ishirini. Anajua, bila kufikiri, besi inakwenda wapi wimbo unapokaribia kuisha. Alipoanza kupiga mkono wa kushoto, alikuwa anapiga kitu ambacho koo lake lilikuwa nacho tayari. Mtoto wa miaka saba hana hazina hiyo. Mtu aliyeimba alto kwenye kwaya kwa miaka kumi anasikia kosa kabla hajaliona kwenye karatasi, na hilo ni nusu ya kazi.

Nchi hii inakumbuka jambo jingine pia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na babu na bibi zetu wengi walijifunza kusoma kwenye madarasa ya ngumbaro, wakiwa na wajukuu mgongoni. Walisoma kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya wenzao waliokuwa wanahangaika na herufi zile zile. Samaki wale hawakuwa wabichi. Walikunjika, na baadhi yao ndio waliotusomea masomo ya Misa tulipokuwa wadogo.

Frateri mmoja kati yetu alipoanza kujifunza kipande cha mikono miwili kinachojitegemea, rafiki yake alimtania kwamba anapiga nyimbo za watoto. Kipande chenyewe ni minueti ya G inayopigwa na karibu kila anayeanza piano duniani. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya Johann Sebastian Bach, lakini ni ya Christian Petzold. Tunayo kwa sababu iliandikwa katika daftari la muziki la Anna Magdalena Bach lililoanzishwa mwaka 1725. Anna Magdalena alikuwa mtu mzima, mke, mama wa nyumba yenye watoto wengi, na mwimbaji aliyekuwa amelipwa kwa kazi hiyo. Daftari lilikuwa la matumizi ya nyumbani, mkubwa na mdogo wakilitumia pamoja. Tena mwaka 1723 mumewe alikusanya vipande vyake vya sauti mbili na tatu, na kwenye ukurasa wa mwanzo akaandika kwamba ni kwa ajili ya wapenzi wa kinanda, hasa wale wenye hamu ya kujifunza. Hakutaja umri. Frateri alimpelekea rafiki yake maelezo hayo yote kwa simu, na mpaka leo hajajibiwa.

Kuna jambo moja ambalo sisi kwa sisi hatujakubaliana, na tunaliweka hapa ili wasomaji wenye uzoefu waliamue. Ni kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Aliyezoea solfa anajua kwamba doh inahama. Kwenye kinanda vibonyezo havihami. Wimbo ukiwa na doh kwenye G, ile ti inaangukia kwenye kibonyezo cheusi, F kali, na vidole vilivyozoea vyeupe vinateleza. Kwa hiyo wapigaji wengi wanajifunza C peke yake, kisha wanabonyeza kitufe na kinanda kinawahamishia. Mafundi wetu wa kwaya wengi hupiga hivyo na Misa inakwenda vizuri tu. Wawili kati yetu wanasema mtu mzima hana miaka ya kupoteza, abonyeze kitufe na apige. Sisi wengine tunaona anayefanya hivyo anajenga nyumba kwenye kiwanja cha kukodi: siku akikuta piano ya kawaida au kinanda cha filimbi, ambavyo havina kitufe hicho, anakuwa mgeni kabisa. Tumekubaliana angalau kwamba kila mmoja ajifunze C, F na G kwa vidole vyake mwenyewe. Kodi za ufunguo wa C ndizo za kwanza, na tunazungumzia za kwenye kinanda, siyo zile za TRA.

Sasa tuje kwenye maonyesho, maana ndipo tulipojifunza zaidi kuliko tulivyotazamia.

La kwanza tulilifanya Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya. Tuliweka viti ishirini, tukawaalika watu wa nyumbani na wanakwaya waliotaka kubaki. Kila mmoja alipewa kipande kimoja, kisichozidi dakika mbili. Muuguzi wetu, ambaye kila siku anatafuta mishipa ya watoto wachanga kwa sindano bila mkono kutikisika, alitetemeka hadi bangili zikalia. Alituambia baadaye kwamba alivisikia vidole vyake kama vya mtu mwingine. Mwalimu mstaafu alianza vizuri, mstari wa tatu akakwama, akarudi mwanzo, akakwama pale pale, akarudi mwanzo tena. Mara ya tatu akapita. Mjukuu wake peke yake ndiye aliyecheka, naye alitolewa nje na bibi.

Jumamosi iliyofuata mzee alitoa hesabu yake. "Nilikuwa najua wimbo kuanzia mwanzo tu," alisema. "Sikuwa najua kuanzia katikati." Sentensi hiyo imebadilisha mazoezi yetu sote. Mtu anayefanya mazoezi peke yake kila mara anaanzia mwanzo, kwa hiyo mstari wa kwanza anaupiga mara mia na wa mwisho mara kumi. Akikosea mbele ya watu hana pa kuingilia tena isipokuwa mlangoni. Sasa kila wimbo tunauwekea alama nne kwa penseli, na mmoja wetu anapopiga, mwenzake anamwambia ghafla, "Alama ya tatu!" na anatakiwa aanzie hapo. Hilo hatukulipata kwenye kitabu wala kwa mwalimu. Lilitoka kwa mzee aliyekwama mbele ya watu ishirini na akarudi Jumamosi iliyofuata kueleza alivyokwama.

Mama wa stendi yeye alisindikiza wimbo mfupi wa komunyo, wanakwaya sita wakiimba. Mkono wake wa kushoto uliruka noti nyingi. Lakini mapigo hayakusimama hata mara moja, na waimbaji walifika mwisho pamoja naye. Tulipowauliza, wanne kati ya sita hawakugundua kosa lolote. Fundi cherehani, aliyekuwa amejiandaa kuliko sisi wote, alikosea noti moja tu, akasimama kuisahihisha, na waimbaji wake wakamwagika kama mtama. Hapo tulielewa kusindikiza ni nini. Mapigo kwanza, besi ya pili, mengine yote yanafuata. Anayejipigia mwenyewe anaweza kurudi nyuma. Anayesindikiza watu hana ruhusa hiyo, kwa sababu watu wameshapita.

Onyesho la pili lilikuwa na utulivu zaidi na wasikilizaji wachache zaidi, kwa kuwa kulikuwa na mechi. Kijana wa bodaboda alipiga mistari minne kwa mkono mmoja. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote, na bado tunaona yalistahili.

Kuna watakaosema, na wameshatuambia: Misa si uwanja wa mazoezi. Adhimisho la Ekaristi Takatifu lipewe kilicho bora, na waamini hawakuja kusikiliza mtu anayetafuta vibonyezo. Tunakubali kabisa. Na kwa sababu tunakubali, ndiyo maana tunataka onyesho dogo. Parokia nyingi zinampa mwanafunzi njia mbili tu: akae mbali na kinanda, au siku mpiga kinanda asipofika atupwe mbele ya watu mia nane kwenye Misa ya pili ya Dominika. Njia ya kwanza inamkausha, ya pili inamvunja. Tunamjua dada mmoja, mwanakwaya hodari wa parokia nyingine, aliyeombwa kupiga namna hiyo bila maandalizi. Wimbo wa mwanzo uliharibika. Watu walimtania mlangoni baada ya Misa, kwa mzaha tu, wakimwita "mtu mzima hovyo". Hajakaa tena kwenye kinanda. Waliotania hawakumbuki.

Katikati ya njia hizo mbili kuna ngazi nyingi ambazo hazigharimu chochote. Kuna ukumbi siku ya Jumamosi. Kuna sala ya jioni ya jumuiya ndogo ndogo, watu kumi na watano na wimbo mmoja wanaoujua wote. Kuna Misa ya asubuhi siku za juma, yenye waamini wachache na nyimbo fupi. Kuna kigango ambako kwa kawaida hakuna kinanda kabisa, na mtu anayeweza kushika ufunguo mmoja na kodi tatu atapokelewa kwa shukrani. Na kuna Kwaresima. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi yanaagiza kwamba katika Kwaresima kinanda na ala nyingine zitumike kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Mpigaji hodari anaweza kuona hilo kama kifungo. Kwa mwanafunzi ni neema: haombwi mbwembwe za kuingilia wala za kutokea, anaombwa awashike waimbaji mkono wafike mwisho. Tunapendekeza parokia zifikirie Kwaresima kuwa majira ya kuwaingiza wanafunzi waliokwisha kupita kwenye ngazi zile nyingine.

Kuna na suala la mpiga kinanda anayelipwa. Hatutaki kumwondolea mtu riziki yake. Mahali pengi analipwa kidogo, anacheleweshewa, na anahofia kwamba akifundisha wengine hatahitajika tena. Hofu hiyo ina msingi, na paroko anayetaka wanafunzi lazima aiondoe kwanza. Posho yake iongezwe saa moja ya kufundisha kwa wiki, na ijulikane kwamba yeye ndiye mkuu wa wanafunzi. Wetu hupita Jumamosi moja kwa mwezi. Anasikiliza hesabu zetu, anasahihisha vidole vya watu watatu au wanne, anaondoka. Inatosha.

Sasa tunafika kwenye ufunguo, na safari hii ni ule wa chuma. Katika parokia moja tuliyoitembelea, kinanda kinakaa ndani ya kabati lililofungwa kwenye chumba nyuma ya sakristia. Ufunguo uko kwa mtu mmoja. Mama mmoja wa pale aliomba aruhusiwe kufanya mazoezi siku za juma. Aliambiwa alete barua. Alileta barua. Aliambiwa kamati itakaa. Miaka miwili imepita, kamati haijakaa, na panya wameshakula waya wa umeme wa kinanda ndani ya kabati hilo hilo lililofungwa ili kukilinda. Tunaelewa woga wa viongozi. Kinanda ni ghali, fundi yuko mbali, na watoto wakiingia wanabonyeza kila kitu. Lakini kinanda kinachopigwa saa moja kwa wiki kinakufa kwa vumbi na unyevu sawasawa na kinachopigwa kila siku kinavyokufa kwa uchakavu, tofauti ni kwamba cha pili kinaacha nyuma yake watu wanaojua kupiga.

Mafrateri wenzetu, hili linawahusu zaidi ya mnavyodhani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki ufundishwe kwa uzito katika seminari, na ukakiheshimu kinanda kikubwa cha filimbi kuliko ala nyingine. Wengi wenu mmepitia vipindi vya muziki na baadhi mnapiga vizuri. Lakini baada ya miaka michache mtakuwa maparoko wasaidizi na kisha maparoko, na hamtakuwa na muda wa kukaa kwenye kinanda. Mtakuwa na kitu kingine: neno la mwisho juu ya nani aingie ukumbini, saa ngapi, na ufunguo ukae kwa nani. Paroko asiyejua hata noti moja lakini akatoa funguo mbili badala ya moja amefanya kazi kubwa kwa muziki wa parokia ile kuliko yule anayepiga vizuri na kufunga kabati.

Mambo ya kufanya ni madogo na ya kuchosha, kama mambo mengi ya kweli. Funguo ziwe kwa watu wawili wanaoaminika. Liwepo daftari la saa: nani ameingia, ametoka saa ngapi, na kinanda kimebaki katika hali gani. Kiwepo kitambaa cha kufunika na visikilizi vya bei ya kawaida. Na kinanda cha mazoezi kisiwe kanisani, kama inawezekana. Sakramenti Kuu imo, na mtu aliyekuja kusali baada ya kazi asilazimishwe kusikia mistari minne ile ile mara arobaini. Kama hakuna ukumbi, basi kanisani kwa visikilizi, na kimya.

Kwa wanaosoma hapa na kujiuliza kama wamechelewa: anza na watu wawili. Mmoja hatoshi, kwa sababu hakuna wa kumtolea hesabu. Mkubaliane siku na saa, na siku hiyo msiihamishe hata kama hakuna aliyefanya mazoezi, kwa maana siku ya sifuri ndiyo inayohitaji kikao kuliko nyingine zote. Dakika kumi na tano kila siku zitawafikisha mbali kuliko saa mbili za Ijumaa usiku. Chagueni wimbo mnaoujua tayari kwa kuuimba, na mwanzie mkono wa kushoto, ambao wote tunaupenda kidogo.

Onyesho letu la tatu litakuwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 22 Novemba, kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Ni siku hiyo hiyo, mwaka 1903, ambapo Papa Pio X alitoa barua yake juu ya muziki mtakatifu. Muuguzi amebadilishana zamu. Mwalimu mstaafu atapiga wimbo ule ule uliomkwamisha, na ameomba mjukuu wake akae mstari wa mbele. Mama wa stendi atasindikiza kwaya nzima kwa mara ya kwanza, nyimbo mbili, moja ikiwa kwenye G bila kitufe. Kijana wa bodaboda ameandikishwa mikono miwili, ingawa kwenye hesabu ya wiki iliyopita alisema, "Siku tatu, na wa kushoto bado unaniangalia tu." Viti ni thelathini, na anayetaka kuja aje kabla ya saa kumi.